Alasiri Barazani: Khabari za Kahawa na Bao

Siku moja ya kaskazi, baada ya swala ya Alasiri, nilikwenda na rafiki zangu watatu kuketi barazani katika Mji Mkongwe wa Unguja, penye njia panda ambayo vijana wa zamani waliipa jina la Jaws Corner kwa sababu ya filamu ya papa iliyotoka mwaka 1975. Mahali pale hapana mlango wala dari. Pana baraza za mawe zilizokizunguka kiwanja kidogo, muuza kahawa na dele lake juu ya makaa, ndoo ya kuoshea vikombe, meza ya dhumna inayopigwa kwa kishindo, na siku ile, pembeni chini ya ukuta uliobanduka chokaa, palikuwa na bao. Sisi tulikwenda kwa ajili ya bao.

Rafiki mmoja ni mwalimu wa shule, wa pili ni mshoni, na wa tatu alikuwa amerejea kwa mapumziko kutoka Toronto, alikoishi miaka mingi. Huyu wa tatu alipokwisha kunywa kikombe cha kwanza alianza kutusimulia ya kwamba huko Kanada kuna mikahawa iliyojaa rafu za michezo ya ubao, mamia kwa mamia, na watu huenda makundi kwa makundi kushinda humo alasiri nzima. Mmoja wa namna hiyo, Snakes & Lattes, ulifunguliwa Toronto mwaka 2010 kwa desturi ya mgeni kulipa kiingilio ndipo achague mchezo na meza. Mzee mmoja aliyekuwa akitazama bao aligeuka.

"Wanalipa kwa kuketi?"

"Ndiyo, babu, wanalipa kwa kuketi."

"Na kahawa?"

"Kahawa ina bei yake mbali."

Mzee akatikisa kichwa, akayarudisha macho yake ubaoni.

Rafiki yangu aliyasema haya kama khabari ya jambo jipya, na huko Kanada pengine ni jipya. Lakini mchezo wa ubao na kikombe cha kahawa vilikutana zamani sana, na mahali pengi vilipokutana alitokea mwenye amri aliyeona ya kuwa mkutano huo haufai. Insha hii imetoka katika mazungumzo ya alasiri ile, pamoja na mambo niliyoyatafuta vitabuni baadaye. Nimeiandika hasa kwa sababu ya swali aliloniuliza mwalimu, ambalo sikuweza kulijibu pale pale: kwa nini wakubwa huwaogopa watu walioketi?

Kahawa ilitoka katika milima ya Uhabeshi ikavuka bahari hata Yaman, na katika karne ya 15 masufi wa huko waliinywa ili wapate kukesha katika dhikiri. Yaani kinywaji hiki kilianza kazi yake katika ibada. Kilipofika Makka kilitoka katika duara ya wenye dhikiri kikaingia njiani, na watu wakaanza kukaa kwa ajili yake tu. Mwaka 1511 Kha'ir Beg, mkubwa wa Kimamluki aliyeangalia masoko na adabu za mji ule, aliwakuta watu wamekusanyika usiku wakinywa. Aliwaita wanavyuoni na matabibu, shauri likatolewa juu ya kahawa kama linavyotolewa juu ya mshitakiwa, hukumu ikapita ya kuwa haifai, na kahawa ikachomwa hadharani. Hukumu hiyo haikudumu. Waraka uliorudi kutoka kwa Sultani wa Cairo haukuharamisha kahawa yenyewe, bali mikusanyiko iliyofanywa kwa ajili yake. Na mwaka uliofuata Kha'ir Beg aliondolewa katika kazi yake. Msomaji ataona ya kwamba Cairo ilisema wazi jambo ambalo Makka ililificha ndani ya maneno ya tiba: kisa hakikuwa kikombe, kisa kilikuwa kikao.

Istanbul nayo ilipata mikahawa yake ya kwanza yapata mwaka 1555. Mwanahistoria Peçevi anaeleza ya kuwa ilifunguliwa na watu wawili, Hakam wa Halab na Shams wa Damaski, na ya kuwa walioingia humo wengine walisoma vitabu, wengine walicheza tawla na sataranji, na wengine walileta mashairi mapya yapimwe na wenziwao. Haukupita muda ila wakasikilikana maimamu wakilalamika ya kuwa mikahawa imejaa na misikiti ni mitupu. Mwaka 1633, baada ya moto mkubwa ulioteketeza sehemu ya mji, Sultani Murad wa Nne aliifunga mikahawa na kupiga marufuku tumbaku, na adhabu zake zilikuwa kali mno. Moto ulikuwa sababu iliyotangazwa. Ni vigumu kusadiki ya kuwa ndiyo sababu peke yake, maana askari wa mji ule walikuwa wamekwisha kumwonyesha Sultani huyo alipokuwa kijana jinsi maneno ya vijiweni yanavyoweza kuja kupiga hodi katika jumba la enzi.

Wasiokuwa Waislamu hawakufanya vingine. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitoa amri tarehe 29 Desemba 1675 ya kufunga mikahawa yote kuanzia tarehe 10 Januari, kwa kuwa humo, kwa maneno yake, hutungwa na kuenezwa khabari za uwongo za kuichafua serikali. Makelele yaliyotokea yalikuwa makubwa hata amri ikarudishwa nyuma tarehe 8 Januari 1676, siku mbili kabla ya kuanza kutumika. Nimeipenda khabari hii kwa sababu ya ufupi wake.

Juu ya Paris ningeweza kusema mengi, lakini nitasema machache. Karibu na jumba la Palais-Royal palikuwa na mkahawa ulioitwa Café de la Régence, na katika karne ya 18 ulikuwa makao makuu ya sataranji katika Ulaya. Diderot ameanzia hapo mazungumzo yake mashuhuri ya mpwa wa Rameau, akisema ya kuwa siku za baridi au mvua alikimbilia humo kuwatazama wachezaji. Hapo ndipo alipokulia kimchezo François-André Philidor, mwanamuziki aliyezaliwa 1726, ambaye kitabu chake cha sataranji cha mwaka 1749 kilisomwa Ulaya nzima. Philidor alikuwa akicheza pasipo kuutazama ubao. London mwaka 1783 alicheza na watu watatu kwa wakati mmoja. Mwaka mmoja kabla yake Diderot alikuwa amemwandikia barua ya kumsihi aache, asije akaipoteza akili kwa jambo lisilo na faida. Na hapo hapo Régence, mwezi wa Agosti 1844, vijana wawili wa Kijerumani walikutana wakaanza urafiki wao: Karl Marx na Friedrich Engels. Ikiwa yuko mkubwa yeyote wa polisi aliyeuona mkahawa ule kuwa mahali pa wavivu wasogeza vipande vya mti, alikosa shabaha.

Lakini kwetu sisi njia ya karibu zaidi haipiti Paris, inapita Misri. Mwingereza Edward Lane, aliyekaa Cairo miaka mingi na kuandika kitabu chake cha desturi za Wamisri mwaka 1836, ameueleza kwa urefu mchezo wa mankala: ubao wenye mashimo 12 katika safu mbili, na makome au vijiwe 72. Jina lake limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kuhamisha, na leo wanavyuoni wa michezo hulitumia kwa jamii nzima ya michezo hii ya mashimo na kete. Lane anasema ya kuwa watu wa kawaida huicheza michezo yao mikahawani, na mara nyingi shindano lao ni kahawa: atakayeshindwa atawalipia wenziwe, au atawalipia wote waliohudhuria. Niliposoma maneno hayo nilicheka peke yangu, kwa sababu ambayo msomaji ataijua mwisho.

Sasa tuje katika bao letu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaliyopangwa safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili. Kete ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe, na zikishachezwa miaka mingi hung'aa kama zilizopakwa mafuta. Mchezo huanza kila upande ukiwa na kete 10 tu ubaoni: 6 zimo ndani ya nyumba, yaani shimo la mraba lililo katika safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata. Kete 22 zilizosalia huwa mkononi. Sehemu ya kwanza huitwa namua. Kila mtu kwa zamu yake hutia kete moja ubaoni, na ikiwa shimo alilotia linatazamana na shimo la mwenziwe lenye kete, hula. Alizokula huzipanda upande wake mwenyewe, moja moja, kuanzia kichwa cha kushoto au cha kulia. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, na mbele yake zimo za mwenziwe, hula tena. Ikiwa mbele hamna kitu, huzizoa za shimo lile akaendelea kupanda, hata kete yake ya mwisho iangukie mahali patupu. Hapo hulala, na zamu humhamia mwenziwe. Kete za mkononi zikiisha, huingia mtaji, ambapo mtu hucheza kwa zilizomo ubaoni tu. Aliyemalizwa safu ya mbele ameshindwa, na huambiwa hamna. Kadhalika ameshindwa asiyekuwa na shimo hata moja lenye kete zaidi ya moja, kwa kuwa hana cha kupanda.

Nimefupisha mno. Sikutaja kimbi, wala kutakata, wala masharti ya kuila nyumba au kuilaza, wala sheria ya kutakasia ambayo wengi huijua kwa kushindwa nayo. Lakini liko jambo moja ambalo nataka litazamwe vizuri. Katika sataranji kipande kilicholiwa hutolewa, na ubao huzidi kuwa mtupu kwa kadiri vita vinavyoendelea. Katika mankala ya Lane kete zilizoliwa huwekwa kando zikahesabiwa mwisho. Katika bao hakuna kete inayotoka. Iliyoliwa huvuka upande wa pili ikapandwa huko, na baadaye yaweza kuliwa tena ikarudi ilikotoka. Tangu mkono ulipokwisha hata mshindi apatikane, kete ubaoni ni 64, hazipungui wala hazizidi. Kwa sababu hiyo mtu aliyebakiwa na kete kumi huweza kumgeuzia kibao mwenye hamsini na nne kwa mchezo mmoja unaozunguka na kuzunguka, na mtazamaji mgeni asijue ni nini kilichotokea. Bingwa hulijua kabla hajaushika mkono. Mholanzi Alex de Voogt, aliyekaa na mafundi wa bao wa Unguja, alitoa kitabu kizima huko Leiden mwaka 1995 juu ya jambo hili, jinsi mabingwa wanavyoweza kuuona mchezo mrefu kichwani kabla ya mkono kugusa kete. Diderot angewaandikia barua nao pia.

Michezo ya safu nne hupatikana hasa mashariki na kusini mwa Afrika. Waganda wana omweso wenye mashimo 32 kama letu, na ulipewa heshima katika jumba la Kabaka. Wanyarwanda wana igisoro. Malawi kuna bawo. Komoro na Mayotte kuna mraha. Misri na Afrika ya Magharibi safu ni mbili. Lakini Oman kuna mchezo uitwao hawalis, wa safu nne za mashimo saba, na mtu aliyezisoma safari za majahazi ya kaskazi na kusi hataona ajabu kuukuta safu nne nje ya Afrika mahali pale hasa. Wako waliozoea kusema ya kwamba kila kitu cha pwani yetu kimeletwa na pepo kutoka Arabuni. Katika jambo la bao, mimi naona dalili zaonyesha ya kuwa jahazi lilikuwa na shehena wakati wa kurudi pia.

Neno lenyewe limetanda katika lugha. Mpiga bao ni mtazamia, asomaye alama juu ya ubao wake. Na hata mpira ulipokuja, goli likaitwa bao, wala hakuna anayekumbuka komwe anaposhangilia bao la dakika ya mwisho. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilitungia bao shairi, na diwani yake iliyochapwa na William Hichens mwaka 1940 yafaa kusomwa na mwenye kutaka kujua jinsi watu wa zamani walivyoviona vita vya ubaoni na vita vya nje kuwa ni mamoja. Na katika zama zetu Mwalimu Julius Nyerere alijulikana kwa kulipenda bao, alipokuwa na madaraka na baada ya kuyaacha.

Nimesema habari ya kahawa na habari ya bao. Imebaki habari ya baraza. Baraza ya pwani ni kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande wa nje. Ni mahali ambapo mwenye nyumba humpokea mgeni bila ya kumwingiza ndani, na mpita njia hukaa bila ya kuomba ruhusa. Serikali za kikoloni zililichukua neno hili likapanda nalo bara, likawa na maana nyingine: baraza la Bwana Shauri, ambalo watu huitwa kuja kusikiliza. Sina hakika kama waliolichukua neno walitambua jinsi walivyolipindua. Katika baraza ya mawe hakuna kiti kilicho juu ya kingine, na anayechoka kusikiliza huondoka. Katika baraza la serikali kiti kilikuwa kimoja, chini ya kivuli, na waliobaki walikaa juani hata waruhusiwe kwenda zao.

Mwalimu, rafiki yangu, ana nadharia yake. Anasema ya kwamba bao huwaunganisha watu, na kwamba wakubwa huogopa umoja huo. Nadharia hii yapendeza, na ningependa iwe kweli. Lakini nina ubao nyumbani kwangu unaonizuia kuikubali.

Ubao huo ni wa mvule, na alikuwa nao babu yangu mzaa mama, aliyekaa Ng'ambo. Kete hazikuwa zake. Kete zilikuwa za rafiki yake aliyekaa upande wa Mji, ambaye alizihifadhi katika mkoba wa ukili na kuja nazo kila alasiri. Desturi hiyo ilianza, nadhani, kwa bahati tu, ikawa sheria yao: mmoja ana ubao, mwingine ana kete, na hakuna awezaye kucheza bila ya mwenziwe. Hivyo walicheza miaka mingi.

Mwaka 1957 Unguja ilifanya uchaguzi wake wa kwanza, na zikaanza zile ambazo wazee wetu hata leo huziita Zama za Siasa. Wafuasi wa chama cha Hizbu na wafuasi wa Afro-Shirazi walisusiana. Mtu aliacha kununua katika duka la mtu wa chama kingine, akaacha kupanda gari lake, na ikafika hadi ya kutokwenda mazikoni kwake, jambo ambalo katika mji wa Waislamu si dogo. Baada ya uchaguzi wa Juni 1961 zilitokea fujo zilizoua watu 68. Babu yangu na rafiki yake walikuwa wa vyama mbalimbali. Hawakupigana, wala hawakutukanana, kwa kadiri alivyonieleza bibi. Alasiri moja rafiki hakuja. Ya pili hakuja. Babu hakwenda kumwuliza kwa nini, maana alijua kwa nini, na yeye mwenyewe wiki ile alikuwa amepita karibu na baraza ya rafiki yake pasipo kutoa salamu. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 rafiki huyo alihamia Mrima pamoja na watoto wake, na kete zikaenda pamoja naye au zikapotea katika kuhama, hakuna ajuaye. Bibi aliutumia ubao kuanikia pilipili. Mashimo yake mpaka leo yana wekundu ndani.

Babu angeweza kununua kete nyingine sokoni, au kuziokota pwani, kwa kuwa mkomwe humea mchangani bure. Hakufanya hivyo. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni uvivu.

Basi hapo ndipo ninapotengana na mwalimu. Kha'ir Beg, Murad na Charles waliogopa ya kuwa walioketi watakubaliana. Yamkini walikuwa na haki ya kuogopa, kila mmoja kwa kadiri ya dhuluma yake. Lakini katika Unguja ya miaka ile baraza ilinyamaza pasipo amri ya sultani wala ya Mwingereza. Walioketi waliinyamazisha wenyewe. Hapakuwa na tangazo la tarehe 29 Desemba ambalo watu wangelipigia makelele hata lirudishwe nyuma. Mwanahistoria hupata shida kuiandika habari ya namna hii, kwa kuwa haina waraka. Ina siku tu ambayo mtu fulani hakuja.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, na uchaguzi wake wa kwanza ukafanywa Oktoba 1995, mabaraza yaligawanyika tena. Maskani ya Kisonge, kule Michenzani, ilijulikana kwa CCM na kwa ubao wake wa maandishi. Jaws Corner ilijulikana kwa CUF, ambayo wafuasi wake wengi walihamia ACT-Wazalendo mwaka 2019. Mtu aliyetaka kujua upepo wa siasa unavumia wapi hakuhitaji gazeti. Alihitaji miguu na nusu saa. Juu ya damu ya Januari 2001 sitaandika hapa, kwa kuwa haiwezi kutiwa katika insha ya mchezo. Lakini maridhiano yalipofanywa Novemba 2009, na kura ya maoni ya Julai 2010 ikakubali serikali ya pamoja, mshoni, ambaye ni mtu asiyesema sana, anakumbuka ya kuwa alimwona mzee mmoja wa Kisonge ameketi Jaws Corner akinywa kahawa, na watu wakapita mara mbili mbili kuhakikisha kuwa ni yeye. Hakucheza bao siku hiyo. Alikunywa kikombe kimoja akaondoka. Mshoni aliihesabu hiyo kuwa ni habari kubwa kuliko kura yenyewe, nami simpingi.

Liko neno moja zaidi, na siwezi kuliacha kwa kuwa shangazi yangu ataisoma insha hii. Shangazi alijifunza bao uani, kwa kucheza na kaka yake, ambaye ni baba yangu. Na baba mwenyewe alikiri ya kuwa tangu alipotimia miaka kumi na minne hakumshinda hata mara moja. Lakini shangazi hajapata kuketi barazani. Baraza ya nje ilijengwa ili wanaume wageni wasiingie ndani waliko wanawake. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza, na sifa zote tunazoimwagia zimesimama juu ya kazi hiyo. Mikahawa ya Istanbul na Cairo nayo ilikuwa ya wanaume. Mwanahistoria anayeisifu baraza kuwa ni mahali ambapo kila mtu huketi pasipo ruhusa, na aeleze "kila mtu" ni nani. Nilipomwambia shangazi khabari ya mkahawa wa Toronto, ambako wanawake na wanaume hukaa meza moja na kucheza, hakuuliza habari ya kiingilio. Aliuliza kama wana bao la nyumba, au lile la watoto.

Tuirudie alasiri yetu. Yule mzee aliyeuliza juu ya kulipa kwa kuketi ndiye niliyecheza naye. Alinipa heshima ya kuanza. Kwa muda nilidhani ninakwenda vizuri. Nyumba yangu ilikuwa nzito, na rafiki yangu wa Toronto alinong'ona ya kuwa nimeshinda. Mshoni aliangalia pembeni, na hapo ningalitambua. Nikiwa bado na kete tisa mkononi, mzee aliinua kete moja, akaitia kimyakimya katika shimo ambalo sikuwa nikilitazama, akala, akapanda, akala tena, akazunguka, na aliponyanyua kichwa safu yangu ya mbele ilikuwa tupu.

"Hamna, mjukuu wangu," alisema, kwa upole kama anayempa mtu pole.

Kwa desturi ya mahali pale, ambayo Lane aliikuta Cairo karibu miaka mia mbili iliyopita, aliyeshindwa huwanywesha wenziwe kahawa. Nililipa vikombe tisa, pamoja na kashata za wawili waliokuja mwisho. Adhana ya Magharibi ikasikika kutoka msikiti wa karibu, na wa dhumna wakaviacha vipande vyao vimelala mezani. Mzee alizoa kete, akazihesabu moja moja kwa vidole hata zikatimia 64, akazitia katika mfuko wa kitambaa na kuufunga kwa uzi. Mfuko akaenda nao yeye. Ubao aliuchukua jirani yake, ambaye nyumba yake ni ya pili kutoka pale, akausimamisha nyuma ya mlango.